Mtihani wa mkanda mweusi: ugumu uwe wapi?

SWALI: Shikamoo Sensei. Nafundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu hapa Tanga, tunatumia ukumbi wa shule jioni. Mwezi wa 12 nina wanafunzi wanne wa mkanda wa kahawia wanaotakiwa kufanya mtihani wa dan ya kwanza, yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi. Mimi nilipofanya wa kwangu tulianza saa 12 asubuhi tukamaliza adhuhuri: mchakamchaka hadi baharini na kurudi, kuruka kichura, pushapu mpaka mikono ikagoma, kata zote (mipangilio ya mbinu ambayo mtu huifanya peke yake), halafu kumite (mapambano) na mikanda myeusi kumi waliopanga mstari. Maji hayakuruhusiwa. Hakuna aliyefeli isipokuwa mmoja aliyeondoka katikati. Sasa mzazi mmoja ameniambia huo ni ukatili, na wenzangu wa mikanda myeusi wanasema nikipunguza nitakuwa nauza mikanda kama klabu ya jirani, inayotoa mkanda mweusi kwa mwaka mmoja na nusu. Kati ya hao wanne, mmoja ana miaka 47 na anatumia dawa za presha, mwingine ni binti wa miaka 14. Mtihani uwe mgumu kiasi gani?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Uwe mgumu kiasi kwamba mtu mwenye afya njema na roho ngumu, lakini mwenye karate mbovu, aufeli. Huo ndio mstari wangu, na nakuomba uupime kwanza mtihani wako wa zamani kwa mstari huo kabla hatujafika kwa hao wanne. Umesema mwenyewe kwamba hakuna aliyefeli isipokuwa aliyeondoka. Basi yeyote aliyebaki ukumbini hadi adhuhuri alipata mkanda, awe kata yake ya Seiyunchin ilikuwa safi au vurugu tupu. Mtihani ule, pamoja na jasho lote lililomwagika, ulikuwa rahisi mahali pale pale ulipotakiwa kuwa mgumu. Wenzako wanaogopa kwamba ukipunguza mateso utakuwa unauza mikanda. Mimi naona dojo inayompa mkanda kila anayevumilia na klabu inayompa mkanda kila anayelipa zina kasoro ile ile: zote mbili hazikuuliza kama huyu mtu anajua karate.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mateso ya siku ya mtihani ni mila ya wazee wa Japani na Okinawa. Historia haisemi hivyo. Madaraja ya dan yalianzia kwenye judo. Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alifungua shule yake ya Kodokan mwaka 1882 ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo, kwenye chumba cha mikeka 12, na mwaka uliofuata akawapa dan ya kwanza wanafunzi wake wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro. Hao walikuwa vijana aliowafundisha kwa mikono yake mwenyewe. Alijua nani anatupa na nani anatupwa. Karate iliyachukua madaraja hayo baadaye. Funakoshi Gichin, mwalimu wa karate kutoka Okinawa, alitoa dan zake za kwanza mwaka 1924, na yeye mwenyewe hakuwa na dan aliyopewa na mtu. Na Miyagi Chojun, mwasisi wa mtindo huu tunaoufundisha mimi na wewe, alifariki mwaka 1953 bila kumpa dan mwanafunzi wake hata mmoja. Watu waliotoka mikononi mwake, akiwemo Miyazato Eiichi aliyeanzisha dojo ya Jundokan kule Naha, Okinawa, hawakufanya mtihani wa mkanda mweusi mbele yake, na hakuna mwenye akili anayeitilia shaka karate yao.

Siku maalumu ya mtihani inakuwa na maana pale wanafunzi wanapokuwa wengi, dojo zinapotawanyika duniani, na mkanda uliofungwa Tanga unapotakiwa kuaminiwa na mtu wa Nairobi au Naha asiyemjua mwenye mkanda. Kazi yake ni kumthibitishia mgeni kile ambacho mwalimu anakijua tayari. Ndiyo maana kwenye jujitsu ya Kibrazili shule nyingi hazina mtihani kabisa: mwanafunzi anapambana mbele ya mwalimu wake miaka kama kumi, siku moja mwalimu anamfunga mkanda, na hakuna anayeuliza cheti cha siku hiyo kwa sababu kila mwenye mashaka anaweza kuingia mkekani akashikana naye.

Najua mtakachonijibu: mbona wale wa mtindo wa karate wa Kyokushin? Kweli, mwasisi wao Oyama Masutatsu aliupa ulimwengu kumite ya watu 100, na katika matawi mengi ya mtindo wake mtahiniwa wa dan ya kwanza hupambana raundi kumi. Nawaheshimu sana. Lakini tazama wanafanyaje mazoezi. Kijana wa Kyokushin anapigwa mateke ya mapaja na ngumi za kifua kwa nguvu kamili wiki baada ya wiki, tangu akiwa na mkanda wa rangi. Mapaja yamekomaa, mbavu zimezoea, na amejifunza kupumua katikati ya kipigo. Raundi kumi za siku ya mtihani zinapima kitu alichofundishwa, na anayejua kuzuia na kuhama huzimaliza tofauti kabisa na asiyejua. Hata Kodokan ina kitu cha namna hiyo: mashindano ya Kohaku, yaliyoanza mwaka 1884, ambapo anayewatupa wapinzani kadhaa mfululizo hupandishwa dan papo hapo. Ni kazi nzito, lakini inapimwa kwa judo, yaani kwa kumtupa mtu mgongo ukagusa mkeka. Kinachoniumiza ni dojo zinazofundisha kumite ya kugusa mwaka mzima, halafu siku moja ya mwaka zinaazima mtihani wa Kyokushin. Pale mwanafunzi anatahiniwa somo ambalo hakufundishwa, na wale kumi waliopanga mstari nao hawajui kupiga kwa nguvu huku wamejizuia, kwa sababu hata wao hawakufundishwa.

Hata hivyo siwezi kuutetea mtihani ambao mtu anaumaliza gi yake (vazi la karate) ikiwa kavu. Uchovu una kazi. Mtu mwenye nguvu zake zote anaweza kuigiza kata nzuri kwa dakika mbili. Mtoe jasho kwelikweli kwa dakika 15, kisha mwambie asimame afanye kata ya Saifa, na mwili utakuambia umezoea nini: mabega yanapanda kuelekea masikioni, kisigino cha nyuma kinaachia sakafu, pumzi inahamia kifuani, ngumi inatokea begani badala ya nyonga. Au hayo yote hayatokei, na hapo unajua uko mbele ya mtu aliyefanya kazi. Maelezo hayo huyapati akiwa hajachoka.

Ila faida hiyo ina kikomo, na kikomo chenyewe hakiko mbali. Mpeleke hadi saa ya tatu na ya nne, wote watafanana. Aliyefanya mazoezi miaka minane na aliyefanya miwili, wote mikono imeanguka na wote wanapepesuka kwenye kugeuka, na wewe uliyekaa mezani huoni tena tofauti iliyokuleta pale. Nimekuwa mtahini kwa miaka mingi, na saa za mwisho za mitihani mirefu ndizo ambazo karatasi zangu zina maneno machache zaidi. "Amechoka." Nimeandika hivyo kwa huyu, kwa yule, na kwa anayefuata. Ukishafika hapo hutahini tena, unangoja tu nani ataanguka.

Sasa ugumu uuweke wapi? Kwa Goju-ryu mimi naanza na Sanchin, kata ya kupumua huku mwili umekazwa, na siiachii haraka. Mtahiniwa anavua juu (dada zetu wanavaa fulana), na mtahini anazunguka taratibu. Shime, ule upigaji wa viganja mabegani, mgongoni na mapajani, ni namna ya kuuliza swali kwa mkono: je, misuli ya chini ya kwapa imeshika? Paja la ndani limebana? Nikigonga bega, pumzi inakatika au inaendelea? Wako walimu waliogeuza shime kuwa kipigo, makofi ya kuacha alama, na wanafunzi wanajisifia alama hizo. Kofi la nguvu halikuambii zaidi ya lile la kiasi. Kwanza linakuficha jambo, maana mtu anayesubiri kuumia hukaza kila kitu, pamoja na vile visivyotakiwa kukazwa, na shingo ndiyo ya kwanza.

Kisha kata zenyewe, Gekisai zote mbili, Saifa na Seiyunchin, na moja kati yake nachagua mimi palepale. Baada ya hapo bunkai, yaani kuzitumia mbinu za kata kwa mwenzako, na hapa ndipo naomba uweke uzito kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu ndipo mikanda ya uongo inapojulikana. Bunkai ya kukariri, ambapo mwenzako anatoa ngumi moja na kusimama kama sanamu, haipimi kitu. Mwambie mwenzake ashike kweli na asiachie mpaka alazimishwe. Namkumbuka dada mmoja mwembamba, mkanda wa kahawia, kata yake ilikuwa ya kawaida, haina mbwembwe. Tulipofika kwenye ile sehemu ya mwanzo ya Seiyunchin ya kushuka shiko-dachi (kisimamo cha chini, miguu imepanuliwa) huku unavuta, nikamwomba kijana mzito amshike mkono kwa nguvu zake. Alivuta mara ya kwanza, kijana hakusogea. Hakuongeza nguvu. Alisogeza mguu nusu hatua kwa nje, akashusha nyonga kwanza ndipo akavuta, na kijana akamfuata mpaka goti likagusa sakafu. Nikafunga kalamu. Hakuna idadi ya pushapu ambayo ingenionyesha jambo lile.

Kumite nayo iwepo, tena ya kweli: raundi tano za dakika mbili, pumziko la dakika moja kati yake, na wapinzani wenye uzito unaokaribiana naye, wakiwa wamepewa maelekezo kabla. Wale kumi waliopanga mstari uwaache. Fikiria kinachotokea: mtu anachoka kadiri raundi zinavyosonga, mikono ya kujikinga inashuka, na kila anayeingia ana nguvu mpya. Raundi ya tisa ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote kwa kichwa chake na ndiyo yenye taarifa kidogo kuliko zote kwako. Na tuseme ukweli uliopo kwenye dojo nyingi: baadhi ya mikanda myeusi huingia kwenye mstari ule kulipiza kile walichofanyiwa wao.

Jambo jingine ambalo huwa halimo kwenye mitihani yetu, nami nimelifanya lazima: mtahiniwa apewe watoto wawili watatu wa mkanda mweupe na dakika kumi, awafundishe kitu kimoja. Mwangalie anasimama wapi, anaona kosa gani kwanza, anamgusaje mtoto kumrekebisha, anasema maneno mangapi. Nimewaona wapiganaji hodari wakashindwa hapo, na nimewaahirishia mkanda kwa sababu hiyo peke yake. Kesho yake huyu ndiye atakayekushikia darasa ukisafiri.

Suala la usalama nalichukua kwa uzito kuliko yote, na hapa wewe ndiye utakayebeba jina ukumbini likitokea la kutokea. Tanga mwezi wa 12 ni joto pamoja na unyevu, jasho halikauki mwilini, kwa hiyo mwili haupoi. Kumnyima mtu maji katika hali hiyo hakumjengi moyo. Kunampandisha joto la ndani, na kiharusi cha joto huua. Dalili ya kuogopa ni mtu kuanza kuchanganyikiwa, kujibu ovyo au kutembea kama mlevi. Hapo unamlaza kivulini, unamvua gi, unammwagia maji baridi mwili mzima na kumpepea palepale huku gari likitafutwa; usisubiri hospitali ndiyo ianze kumpoza.

Kichura nacho. Kuruka kichura kwa wingi, hasa kwa mtu asiyezoea, kunaweza kuvunja misuli ya mapaja kiasi kwamba mabaki yake yanaingia kwenye damu na kuziumiza figo. Mtu anaondoka dojo akiwa amechoka tu, kesho yake mapaja yamevimba na mkojo una rangi ya kahawia iliyokolea. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, na kuchuliwa kwa mafuta si dawa yake. Hatari inaongezeka kwa wale wanaomeza diklofenaki asubuhi ya mtihani ili mwili usiume: dawa za jamii hiyo pamoja na upungufu wa maji ni mzigo mara mbili kwa figo. Wakataze wazi, kwa maandishi. Aliyetoka kuugua malaria majuzi naye aahirishiwe bila mjadala.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa ukanda huu kuliko Wajapani walioandika mitaala yetu, yaani selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka, na penye wagonjwa wengi pana watu wengi zaidi waliorithi kinasaba chake kwa mzazi mmoja tu. Hawa wa pili si wagonjwa. Wanacheza, wanafanya kazi, wengi hawajui kabisa kwamba wanacho. Lakini ukiwalazimisha kwenda mbio kali mfululizo bila pumziko, kwenye joto, wanaweza kuanguka na kufa. Mwaka 2006 mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas, Dale Lloyd II, alianguka baada ya mazoezi ya mbio 16 za yadi 100 kila moja, akafariki siku iliyofuata. Alikuwa na kinasaba hicho. Kifo chake ndicho kilichofanya michezo ya vyuo vikuu Marekani ianze mwaka 2010 kudai kipimo kwa wachezaji wa daraja la juu. Kwa hiyo waambie watahiniwa wako wapime damu mapema. Atakayekutwa nacho asizuiwe karate, aachwe tu ajipangie kasi, apewe pumziko na maji, na akisema miguu imeishiwa nguvu au misuli inauma ghafla, asiitwe mvivu.

Akigongwa kichwani akapepesuka, au akauliza swali lile lile mara mbili, mtihani wake umeishia hapo kwa siku hiyo, hata akikuapia kwamba yuko sawa. Kinga za meno na glavu ni lazima. Na mamlaka ya kusimamisha mtihani mpe mtu mmoja ambaye si mwalimu wa mtahiniwa na hana cha kupoteza, nesi au daktari ikiwezekana, neno lake liwe la mwisho. Mwaka ambao tarehe imeangukia Ramadhani, sogeza tarehe.

Kuhusu klabu ya jirani, usihesabu miaka, hesabu saa. Siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku, kwa mwaka mmoja na nusu haifiki hata saa 500. Kwa miaka minne inapita 1,200. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho mtu akisimama kwenye Sanchin, huna haja ya kubishana na mtu. Lakini pia usiikuze dan ya kwanza ikawa mlima ambao hata wenye mtindo hawaujui. Huko Japani kijana wa sekondari mwenye bidii hupata dan ya kwanza ya judo, na hakuna anayemwita bingwa. Anaonekana ni mtu ambaye misingi imemkaa, sasa anaweza kuanza kufundishwa.

Ada ndiyo inayotofautisha mtihani na biashara. Itangazwe mapema, iwe ya kuendesha mtihani, na kiasi kiwe kile kile kwa atakayefaulu na atakayefeli. Gharama ya cheti iwe pembeni, ilipwe baadaye kwa anayestahili, na fedha hiyo isiingie mfukoni mwa mtahini. Watahini wakifaidika pale tu mtu anapofaulu, hata waaminifu wataanza kulegeza jicho.

Na kufeli kuwepo kweli. Najua inauma, hasa kwenye mji ambao kila mtu anamjua kila mtu, mzazi amekuja na kamera na wali umeshapikwa nyumbani. Njia ya kupunguza maumivu hayo ni kutompeleka asiyeiva, na kumwambia hivyo mapema kwa upole, uso kwa uso. Aliyefika mezani akashindwa apewe karatasi yenye sababu iliyoandikwa kwa maneno ya kawaida, sehemu ya kurudia na tarehe. Kama bunkai ndiyo iliyomwangusha, arudie bunkai, asianze upya na mchakamchaka. Alika mtahini kutoka nje ya Tanga. Goju-ryu ya Okinawa ina mizizi Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, wapo wakongwe watakaopanda basi kuja kukusaidia, na jicho la mtu asiyewajua watoto wako lina thamani kuliko masaa matatu ya pushapu.

Kwa hiyo Desemba ningeifanya hivi. Mnaanza saa 12 na nusu asubuhi, jua halijakaza. Dakika 20 za kupasha mwili, kisha kihon (mbinu za msingi) ya kasi ya dakika 15 isiyo na huruma, hiyo ndiyo sehemu ya kuwatoa jasho. Maji, halafu Sanchin na kata papo hapo wakiwa bado wanahema. Bunkai ichukue muda mrefu kuliko kila kitu, hata robo saa kwa mtu. Kufundisha watoto. Kumite mwishoni, kwa kuwa mtu akiumia hapo hatapoteza sehemu nyingine. Kwa watahiniwa wanne na watahini watatu, saa nne asubuhi mmemaliza. Kama wenzako wanataka mbio za baharini, mziweke kwenye miezi ya maandalizi, mara moja kwa wiki alfajiri, wao wakikimbia pamoja na watahiniwa. Mazoezi ya kujenga mwili yana faida yakirudiwa. Yakifanywa siku moja yanaacha maumivu tu. Na hao wenzako waite kwenye maandalizi ya bunkai, washikwe mkono nao na wasiachiwe. Watakaa upande wako wakishaona pale ugumu ulipo.

Binti wa miaka 14 afanye karate yote, kila kata na kila swali la bunkai, kwa kiwango kile kile. Kumite yake iwe na wa umri na uzito wake, shime iwe nyepesi, ifanywe na mwanamke kama yupo mwenye sifa, na mzazi awepo ukumbini. Cheti chake kiandikwe dan ya vijana, kithibitishwe akikua. Taekwondo wana utaratibu wa namna hiyo: Kukkiwon ya Seoul humpa aliye chini ya miaka 15 daraja la poom badala ya dan. Jujitsu ya Kibrazili, kwa kanuni za shirikisho lake la kimataifa IBJJF, haitoi kabisa mkanda mweusi kabla ya miaka 19. Mwambie hilo waziwazi sasa, asije akalisikia siku ya kupokea cheti.

Mzee wa miaka 47 ndiye anayenipa mawazo zaidi, na kinachonitia wasiwasi kwake ni Sanchin kuliko kumite. Kukaza mwili mzima huku pumzi imebanwa kunapandisha presha ghafla, hata kwa mtu mwenye afya. Aende kwa daktari mwezi huu, akiwa na maelezo ya kile atakachofanya, na amwonyeshe Sanchin palepale chumbani ili daktari aelewe maana si kunyoosha viungo tu. Amuulize dawa anazotumia ni za aina gani: zile za kupunguza maji mwilini zitamkausha haraka kwenye joto, na zile za kupunguza kasi ya moyo zitafanya mapigo yake yasipande kama ya wengine, hivyo msimpime kwa mapigo. Asiache dawa asubuhi ya mtihani. Wewe mfundishe kuanzia leo Sanchin ya pumzi inayotoka mfululizo, koo likiwa wazi, mkazo wa nusu, na siku ya mtihani apimwe hivyo hivyo bila kukatwa alama. Apimwe presha akifika na kabla ya kumite, na raundi zake ziwe tatu. Kama hadi mwisho wa Novemba daktari hajaridhika, mwandikie tarehe ya mwezi wa sita, na katika miezi hiyo mpe darasa la mikanda myeupe alishike, ili sehemu ile ya kufundisha awe ameshaimaliza.